Umeme wa chumvi: maneno niliyowaambia watu wa bareksi, kambi ya polisi

Afande OC, maafande wote, mama zangu, na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele chini ya mwembe, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha nyumbani, maana hapa ni nyumbani, mimi nimekulia kwenye nyumba ya mabati kama hizi, baba alikuwa konstebo, na Kiswahili hiki ninachoongea nimekiokota bareksi, sio darasani. Siku hizi nafundisha bayolojia sekondari. Lakini leo sikuja na mambo ya mtihani, nimekuja na kitu kilichonikaa moyoni tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Dada yangu mdogo ana kifafa. Siku ile mama alikuwa amebandika maharagwe kwenye sigiri pale nje, mtoto akapita, akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina, alafu akaanguka, mkono ukaingia kwenye makaa. Watu walikuwepo, zaidi ya kumi. Hakuna aliyemgusa. Si kwamba walikuwa wabaya, hapana, wengine walikuwa wanalia kabisa, lakini walishaambiwa tangu utoto kwamba lile povu likikugusa na wewe unaupata, kwa hiyo wakasimama wakaangalia mpaka mama akatoka ndani mbio akamvuta. Kovu lipo mpaka leo, linaanzia kiganjani linapanda karibu na kiwiko. Baadaye shule moja ikamrudisha nyumbani, wakasema ana mapepo atawapa wenzake. Mimi nikakua nataka kujua kitu kimoja tu, dakika ile mkono uko kwenye moto, ndani ya kichwa cha huyu mtoto kulikuwa kunaendelea nini? Jibu nilikuja kulipata nikiwa mkubwa, na banange, jibu lilikuwa chumvi na milango. Naomba mnivumilie nieleze polepole maana ukiruka hatua moja tu inakuwa hadithi.

Nikisema umeme mnawaza waya. Sawa, stima inatoka pale Jinja kwenye bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa 1954, inapita kwenye waya, ndani ya waya kuna vitu vidogo sana vinaitwa elektroni vinasukumana, taa inawaka. Neva, zile nyuzi za mwilini zinazopeleka habari mpaka kichwani na kurudi, na ubongo wenyewe umejengwa nazo, haziko hivo. Ndani ya neva hakuna shaba, hakuna elektroni zinazokimbia kutoka mguuni mpaka kichwani. Kuna maji, na kuna chumvi mbili, na kuna ngozi nyembamba inayozitenganisha. Ni hivyo tu. Ukielewa hizo chumvi mbili umeshaelewa nusu ya kila kitu nitakachosema.

Chumvi ya kwanza mnaijua, ile ya Katwe, kule Kasese, wanaikusanya ziwani wakiwa wamesimama ndani ya maji. Ndani yake kuna sodiamu. Jasho lina sodiamu, machozi yana sodiamu, damu ina sodiamu, ndo maana ukilamba kidonda unasikia chumvi. Ya pili ni ile iliyo kwenye maji ya majivu, yale bibi zetu wanayachuja kwa majivu ya maganda au ya maharagwe wanapikia mboga. Mle kuna potasiamu. Sasa sikilizeni vizuri. Seli zetu zimeishi zikiwa na potasiamu nyingi ndani na sodiamu nyingi nje. Nje ya seli sodiamu ni zaidi ya mara kumi ya iliyo ndani, na potasiamu ndani ni kama mara 30 ya iliyo nje. Yaani kila seli ya neva ni kachungu kadogo ka maji ya majivu kanakoelea kwenye maji ya Katwe.

Nani anayeweka hiyo tofauti? Kuna pampu. Iko kwenye utando wa seli, kwa kila mzunguko inatoa sodiamu tatu nje, inaingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, umelala umeamka. Aliyeigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, 1957, akifanya kazi na neva za miguu ya kaa, na tuzo yake ya Nobel ilikuja 1997, miaka 40 baadaye. Hiyo pampu inakula chakula kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unatumia kama asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliotulia, na sehemu kubwa ya hiyo inaenda kwenye kusukuma chumvi. Mtoto akiwa darasani na njaa mkamwita mjinga, kumbukeni hilo.

Watu wengi hata walimu wenzangu wanadhani pampu ndo inapiga umeme. Hapana. Pampu inajaza tangi. Umeme unapigwa na milango.

Sasa hebu fikirieni utando wa seli ni fensi ya bareksi hii, na kwenye fensi kuna mageti mengi, kila geti na kotagadi yake, na askari wa kila geti anapitisha aina moja tu ya mtu. Kuna geti la sodiamu, kuna geti la potasiamu. Neva ikiwa imetulia, mageti ya sodiamu yamefungwa, lakini kuna vijigeti vya potasiamu vinavyobaki wazi kidogo. Potasiamu iko nyingi ndani, kwa hiyo inatoka taratibu. Kila ioni ya potasiamu, yaani kila chembe yake yenye umeme, inayotoka inatoka na chaji chanya yake, ndani kunabaki hasi. Hiyo hasi nayo inaanza kuivuta potasiamu irudi, mpaka inafika mahali mvuto wa kutoka na mvuto wa kurudi vinakaribia kulingana, na pale neva inakaa. Ukipima, ndani ni kama milivolti 70 hasi ukilinganisha na nje.

Milivolti 70 ni kidogo, betri moja ya tochi ni zaidi ya mara 20 ya hapo. Lakini utando wenyewe una unene wa kama nanomita 5, yaani ukipanga tando laki mbili ndo unapata milimita moja. Umeme mdogo kwenye unene mdogo hivo ni nguvu ya kutisha, kama fensi ingekuwa na unene wa mita moja ungehitaji volti milioni 14 kupata mkazo ule ule. Kila mmoja wenu amekaa hapo kwenye benchi ametulia, na ndani ana mkazo huo kwenye kila seli. Na kama kuna mtu anabisha kwamba chumvi inaweza kupiga stima, awaulize wavuvi, kuna kambare mmoja wa mto Nile ambaye ukimshika anakurusha, yule amepanga seli zake nyingi mfululizo kama betri za redio, kila moja inatoa kidogo tu, zikijumlishwa zinafika mamia ya volti.

Haya, neva imetulia, iko tayari. Kitu kinaigusa, tuseme umekanyaga jiwe, au neva jirani imeiambia kitu. Pale ilipoguswa ile hasi inapungua kidogo, kutoka 70 inakuja 65, inakuja 60. Ikiishia hapo hakuna kitu, inarudi, kama mtu aliyegonga geti kidogo akaondoka. Lakini ikifika kama 55 hasi, mageti ya sodiamu yanafunguka, na kila geti linalofunguka linawafungulia na jirani, ghafla yote yako wazi. Sodiamu imekuwa ikisubiri nje, imejazana, alafu ndani kuna hasi inayoivuta, inaingia kama watu kwenye geti la uwanja siku ya fainali. Kwa muda usiofika milisekunde moja ndani kunatoka hasi kunapita sifuri kunafika kama milivolti 30 au 40 chanya. Alafu mageti ya sodiamu yanajifunga na komeo la pili ambalo hata ukigonga halifunguki kwa muda, na mageti makubwa ya potasiamu, ambayo huchelewa kidogo, yanafunguka, potasiamu inatoka, ndani kunarudi hasi. Imeisha. Yote hiyo milisekunde moja au mbili.

Na hakuna nusu. Ama inalipuka yote ama hailipuki kabisa. Jiwe kubwa na jiwe dogo yanatoa mlipuko wa ukubwa ule ule, tofauti ni idadi, maumivu makubwa yanapiga mara nyingi kwa sekunde na maumivu madogo yanapiga mara chache.

Sasa inasafirije? Hapa ndo nataka watoto. Njooni kumi na wawili, simameni mstari mmoja kutoka hapa mpaka kwenye bomba. Wewe wa kwanza, sema jina lako kwa sauti ya kawaida. Wa mwisho, umesikia? Hajasikia. Hiyo ndo neva ingekuwa kama ingekuwa waya tu, maana ni waya mbovu, inavuja njiani, baada ya milimita moja mbili habari imekufa. Sasa tufanye kama baba zenu wanavyofanya asubuhi paredi. Mguu sawa! Hesabu namba! Mmesikia? Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, na yule wa mwisho amepiga kelele kwa nguvu ile ile ya wa kwanza. Hakuna sauti iliyosafiri kutoka huku mpaka kule, kila mtu ametoa sauti yake mpya baada ya kumsikia jirani. Ndivyo neva inavyofanya. Sodiamu ikiingia hapa inapunguza hasi ya hapo pembeni, mageti ya pembeni yanafunguka, sodiamu inaingia pale, na pale pembeni tena. Chumvi inavuka fensi, habari inakimbia kando ya fensi. Na kwa nini hairudi nyuma? Kwa sababu aliyeshapiga kelele hana pumzi bado, komeo limefungwa.

Haya sasa, nawafunika wengine na hizi leso, wanaobaki ni namba moja, namba nne, namba nane na namba kumi na mbili, nyinyi tu ndo mnaosema. Hesabu! Imekuwa haraka zaidi, si ndiyo? Mwili umefanya hivohivo. Neva zinazotaka kasi zimeviringishiwa mafuta yanaitwa mayelini, na mageti yamewekwa kwenye vile vipande vidogo vilivyoachwa wazi, habari inaruka kutoka kipande mpaka kipande. Hizo zinafika kama mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa, hakuna boda itakayoipata. Neva zisizo na mafuta zinatembea kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni. Ndo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye jiwe unasikia kwanza kitu kikali, chap, alafu kuna kanafasi kadogo ambako unajua kabisa kitu kibaya kinakuja, alafu yanakuja yale maumivu mazito ya moto. Ni habari moja imepanda kwa njia mbili. Asanteni watoto, kaeni.

Mtauliza haya yote yalijulikanaje. Luigi Galvani kule Bologna, Italia, aliandika 1791 kwamba miguu ya chura aliyekufa inarusha teke ikiguswa na umeme. Mwaka 1850 Mjerumani Helmholtz akapima kasi kwenye neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, na watu walishangaa sana maana walidhani habari ya neva haina muda. Lakini wale ninaowapenda mimi ni Alan Hodgkin na Andrew Huxley, Waingereza. Ngisi, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mingi, ana neva moja nene sana, inaweza kufika karibu milimita moja, unaiona kwa macho. Mwaka 1939 kule Plymouth hao wawili wakapitisha kawaya kembamba ndani kabisa ya hiyo neva, wakapima. Wengi walidhani neva ikipiga inafika sifuri tu, kama fensi iliyobomoka. Wao wakaona inapita sifuri inakuwa chanya. Kwa nini chanya? Kabla hawajajibu vita ikaanza, wakaacha, kila mtu akapelekwa kwenye kazi za vita. Waliporudi, Hodgkin na Bernard Katz, ambaye alikuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, wakafanya kitu rahisi mpaka unajiuliza, walipunguza sodiamu kwenye maji ya bahari waliyolowekea neva. Mlipuko ukawa mdogo. Wakarudisha sodiamu, mlipuko ukarudi. Hiyo ilitoka 1949. Mimi nikisoma hapo huwa naweka kitabu chini kidogo, maana swali lilikuwa gumu na jibu lake likatoka kwenye chumvi ya kupikia.

Alafu 1952 Hodgkin na Huxley wakaandika hesabu yote, mageti yanafunguka lini, yanafunga lini. Kompyuta ya chuo ilikuwa haipatikani wakati ule, kwa hiyo Huxley alikaa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, anazungusha anaandika, anazungusha anaandika, wiki nzima na zaidi, na mchoro uliotoka kwenye karatasi ukafanana na ule wa ngisi mwenyewe. Walipata Nobel 1963.

Nataka mwone haya mageti sio maneno ya kitabu, mnayo nyumbani. Ukienda kung'oa jino ukachomwa sindano ya ganzi, ile dawa inaziba geti la sodiamu. Jino linang'olewa, habari inapigwa, lakini inapofika pale hakuna geti linalofunguka, kwa hiyo kichwa hakiambiwi kitu. Na zile neti zenye dawa ambazo serikali inagawa, ile dawa inafanya kinyume, inashika geti la sodiamu la mbu lisifungike. Mbu akitua neva zake zinapiga zinapiga bila kupumzika, anatetemeka miguu, anaanguka chini. Milango yetu sisi hiyo dawa haiishiki kirahisi hivo. Na siku hizi kuna mbu ambao neti haiwaui, wengine kati yao geti lenyewe limebadilika umbo kidogo kwa kuzaliwa, dawa inakosa pa kushika. Nyoka nao wanajua haya mageti, kuna nyoka wanaoitwa mamba, koboko, sio yule mamba wa mtoni, ambao sumu yao inaziba mageti ya potasiamu, na swila anaziba pale neva inapoongea na misuli, maana pale mwishoni umeme unageuka kuwa kemikali kidogo kabla ya kuvuka.

Sasa nirudi kwenye sigiri.

Ubongo una seli za neva kama bilioni 86. Kazi yake inategemea kwamba zisipige zote pamoja, kila moja kwa zamu yake, kama soko, huyu anaongea na yule, kelele nyingi lakini kila mtu ana lake. Kwenye kifafa, kundi la seli linaanza kupiga kwa pamoja, haraka haraka, na linavuta majirani, mageti yanafunguka tena na tena karibu bila kupumzika. Likiwa kwenye sehemu inayoamuru misuli, misuli inakaza na kurusha. Likisambaa kote, mtu anapoteza fahamu. Povu ni mate tu, mtu hawezi kumeza akiwa vile. Halina kitu cha kuambukiza. Dada yangu aliposimama kama ameitwa, hakuna aliyemwita, ni chumvi iliyokuwa inavuka fensi kwa wakati usio wake.

Inaanzaje? Wengine waliumia wakati wa kuzaliwa, wakakosa hewa. Wengine malaria ilipanda kichwani. Wengine waligongwa kichwa, vijana wa boda vaeni helmeti nawaomba. Wengine mayai ya minyoo ya tegu, ile ya nguruwe, yaliingia mwilini yakaanguliwa, na mabuu yake yakaenda kukaa kwenye ubongo. Wengine wamezaliwa na geti lenyewe lina kasoro. Na kuna watoto wanaoharisha sana mpaka chumvi ya damu inavurugika, au waliopewa maji matupu mengi, wanaweza kupata degedege kwa sababu hiyo hiyo ya sodiamu, ndo maana tunasema ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, sio maji peke yake.

Na dawa. Kabamazepini na fenitoini, vidonge ambavyo wengi hapa mmeviona kwenye vituo vya afya, vinaenda kwenye geti la sodiamu. Lakini havilizibi ovyo kama ganzi ya jino, vingefanya hivo mtu asingeweza hata kufikiri. Vinashika zaidi lile geti lililotoka kufunguka, lenye komeo, vinalichelewesha kidogo kabla halijawa tayari tena. Seli inayopiga kwa mwendo wa kawaida haisumbuliwi sana. Inayopiga haraka haraka ndo inashikwa. Nilipoelewa hilo nilikuwa chuo, mwaka wa pili, nilitoka nje ya maktaba nikampigia mama.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijaanza, mwanawe amekaa miezi minne hajaanguka, je aache dawa? Mama, usiache mwenyewe. Mageti hayajabadilika, yameshikwa. Ukiondoa dawa ghafla yanafunguka yote na anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka, hiyo ni hatari kubwa. Mwenye kupunguza ni daktari, na anapunguza polepole, baada ya muda mrefu kuliko huo.

Na mtu akianguka mbele yako, mtoe kwenye moto, mtoe barabarani, mgeuze alale ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Zikipita dakika tano bado anarusha, mpeleke hospitali, usingoje. Mguse. Mguse na mikono yako miwili.

Mimi nimemaliza. Dada yangu amekuja leo, yule pale nyuma karibu na bomba, mwenye gomesi ya kijani na mtoto mgongoni. Anakunywa dawa yake saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ana duka la vitambaa sokoni. Amesema mkiwa na maswali msiniulize mimi, muulizeni yeye, na kovu atawaonyesha.